Haba na Haba, Mpaka Wapi?

Lugha yetu ina methali mbili ambazo ukizikutanisha kwenye baraza moja lazima zigombane. Ya kwanza tunaijua tangu chekechea: haba na haba hujaza kibaba. Ya pili huja baadaye, ukubwani, na mara nyingi huitoa mtu aliyechoka kusikiliza visingizio vyako: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ya kwanza inamwambia mwoga, nenda kidogo kidogo, hakuna anayekukimbiza. Ya pili inamwambia, umeshavua tayari, sasa unangoja nini? Ingia.

Siku hizi ya kwanza ndiyo imeshinda. Ukifungua simu asubuhi hukosi mtu wa kukwambia ugawe ndoto yako vipande vipande: usifikirie kitabu, fikiria ukurasa; usifikirie nyumba, fikiria tofali. Ni ushauri mzuri. Mimi mwenyewe umenitoa mahali. Ndiyo maana nataka kwanza kuutetea, kisha niusimamishe kizimbani kidogo, kwa sababu yapo mambo mawili ambayo wanaoutoa huwa hawayasemi, na la pili kati ya hayo ni zito kuliko linavyoonekana.

Nianze na utetezi.

Mimi nimezaliwa na kukulia Mwanza. Nilikuwa darasa la pili Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipozama ikiwa imekaribia kufika mjini kutoka Bukoba. Mamia ya watu walikufa. Kwetu hakufa mtu, lakini mtaani maturubai yalifungwa nyumba hadi nyumba, na sisi watoto tulijifunza kwamba kilio kikiwa kingi sana kinafika mahali kinakuwa kama sauti ya kawaida, kama jenereta. Tangu wiki ile mama yangu aliweka sheria moja ambayo haikuwa na mjadala: hakuna mtoto wake atakayekanyaga maji ya ziwa. Nimekua naliona ziwa kila siku ya Mungu, na sikuwahi kulowesha zaidi ya nyayo.

Watu wa bara wakinisikia nasema mimi ni wa Mwanza halafu sijui kuogelea, wanacheka. Watu wa Mwanza hawacheki. Wengi wa rika langu wako hivyo hivyo.

Kazi ya uandishi wa habari ikanileta Dar es Salaam, na kazi hiyo haikuulizi kama unaogopa maji. Leo unapanda kivuko kwenda Kigamboni, kesho unapanda boti kwenda Unguja, keshokutwa unatumwa Mafia. Wenzangu walikuwa wanapiga picha za pomboo. Mimi nilikuwa nahesabu maboya na kukariri mlango ulipo. Nilipofikisha miaka thelathini na minne nikasema basi, nitajifunza kuogelea. Lengo langu nililiandika kwenye daftari kwa mstari mmoja: kuogelea Ziwa Victoria, mama akiwa ameketi ufukweni ananiangalia.

Mstari mmoja tu, lakini nilipousoma tumbo lilinisokota.

Mwalimu niliyempata ni mama wa makamo, mzaliwa wa Unguja, mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza nikamsalimia, "Shikamoo mwalimu." Akaitikia, "Marahaba mwanangu. Leo huogelei. Leo utakaa hapa ukingoni, miguu ndani, tuzungumze." Tukazungumza nusu saa, habari za bei ya pweza, miguu yangu ikiwa majini. Siku ya pili maji ya kiunoni, nimeshika ukuta. Siku ya tatu kidevu. Siku ya nne mdomo, kupuliza mapovu kama mtoto. Uso wote kuuzamisha ulinichukua wiki mbili, na zaidi ya mwezi ulipita kabla sijaachia ukuta. Kila nilipouliza lini nitaogelea, jibu lake lilikuwa moja: "Mwili wako haujakubali. Wewe umekubali, mwili bado."

Maneno yale yana historia ndefu kuliko alivyojua mwalimu wangu. Mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Cover Jones, alichapisha taarifa kuhusu mtoto mdogo aliyempa jina la Peter, ambaye hakuwa hata ametimiza miaka mitatu vizuri na aliogopa sungura kupita kiasi. Jones hakumhubiria Peter kwamba sungura hana madhara. Alimweka sungura mbali, ndani ya tundu, wakati mtoto akiwa katika hali ya raha, mara anacheza na wenzake, mara anakula chakula anachokipenda. Kila walipokutana sungura alisogezwa karibu kidogo. Mwisho wa safari Peter alikuwa anamshika sungura na kumwacha amtafune vidole. Zaidi ya miaka thelathini baadaye, mwaka 1958, daktari wa Afrika Kusini aliyeitwa Joseph Wolpe aliandika kitabu kilichoufanya mwendo huo kuwa tiba rasmi: mgonjwa anapanga hofu zake kama ngazi, kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha anapanda kipandio kimoja kimoja, na hahami kabla hajatulia alipo.

Somo lake ni kwamba hofu haisomi insha. Unaweza kuielimisha akili yako usiku kucha na asubuhi ukaamka na tumbo lile lile. Hofu inakaa mwilini, na mwili haushawishiki kwa hoja, unataka ushahidi. Nusu saa miguu majini na hukufa, huo ni ushahidi. Uso ndani sekunde tano na ukatoka, huo ni ushahidi mwingine. Kesi inajengwa taratibu, kielelezo kimoja baada ya kingine, mpaka siku moja hofu inajikuta haina shahidi aliyebaki.

Mpaka hapo haba na haba imeshinda kesi. Sasa kizimbani.

Swali la kwanza ambalo mtu anaweza kuuliza ni hili: kama kila hatua imefanywa ndogo kiasi cha kutotisha, ujasiri uko wapi? Si nimezunguka tu mlango wa nyuma? Swali hili ni la zamani sana, na la ajabu ni kwamba tangu zamani hizo lilikuwa na maji ndani yake. Katika mazungumzo ya Plato yanayoitwa Laches, Sokrate na majenerali wawili wa Athene wanatafuta ujasiri ni nini. Mahali fulani anaulizwa Laches kuhusu watu wanaozamia visimani: yupi jasiri zaidi, anayezama akiwa na ujuzi, au anayezama bila kuujua? Laches anajikuta anakubali kwamba asiye na ujuzi ndiye jasiri zaidi, na papo hapo anakubali pia kwamba huyo ni mpumbavu zaidi. Wanakwama. Mazungumzo yanaisha bila jibu.

Nimelifikiria kisima hicho mara nyingi nikiwa nimeshika ukuta wa bwawa. Nadhani Laches alikwama kwa sababu aliuona ujasiri kama noti ya elfu kumi: ama unayo, ama huna, na unaitumia mara moja mbele za watu. Lakini upo pia ujasiri wa chenji. Sarafu hapa, sarafu pale, hakuna anayekupigia makofi. Siku ya uso kuingia majini, kwa mtu mwingine ilikuwa si kitu, watoto wa miaka sita walikuwa wanapiga mbizi pembeni yangu. Kwangu ilikuwa gharama. Ukijumlisha sarafu zote hizo inawezekana jumla ikapita ile noti. Aristotle alikuwa na jibu la karibu na hili aliposema kwamba mtu huwa jasiri kwa kutenda matendo ya kijasiri, kama mjenzi anavyokuwa mjenzi kwa kujenga. Hakuna ghala la ujasiri unaloenda kuchota kabla ya kuanza. Unautengeneza njiani.

Kwa hiyo shtaka la kwanza nalifuta. Hatua ndogo haiuondoi ujasiri, inauchenji.

Shtaka la pili ni gumu zaidi. Zeno wa Elea, aliyemzidi Sokrate kwa umri, alikuwa na kitendawili maarufu: ili ufike mlangoni lazima kwanza ufike nusu ya njia, kabla ya nusu, lazima ufike robo, kabla ya robo, nusu ya robo, na kwa kuwa unaweza kugawa hivyo bila mwisho, basi huwezi hata kuanza kutembea. Wataalamu wa hisabati walikuja kukifungua kitendawili hiki na sote tunafika milangoni kila siku. Ila katika maisha ya malengo, bwana, Zeno yuko hai na anaendelea vizuri.

Wapenzi wa fasihi mnamjua. Ni yule mwenzetu ambaye anaandika riwaya. Alianza kwa kununua daftari zuri. Kisha akahudhuria warsha. Kisha akasoma vitabu vitatu kuhusu namna ya kuandika riwaya. Kisha akatengeneza orodha ya wahusika yenye tarehe zao za kuzaliwa. Kila hatua ni ndogo, kila hatua ni ya kweli, na ukimuuliza atakwambia anasonga mbele. Mwaka wa sita huu. Kagawa lengo mpaka vipande vimekuwa vumbi, na hofu yake haijapungua hata kidogo kwa sababu hajawahi kuigusa. Kwa lugha ya bwawa, kanunua nguo ya kuogelea, kanunua miwani, kasoma habari za pumzi, na hajaloa.

Hapo ndipo nilipojiwekea kanuni ya kwanza: hatua ndogo lazima iwe na maji ndani yake. Kidogo sana sawa, lakini yawe maji yale yale. Miguu ukingoni ni maji. Nguo mpya ya kuogelea si maji.

Kwa mfano wa fasihi, mtazame Shaaban Robert. Huyu alikuwa mtumishi wa serikali, karani wa forodha kwa miaka mingi, mtu wa ofisi. Katikati ya hayo aliandika Utenzi wa Vita vya Uhuru, kazi kubwa kupindukia, kuhusu vita vya pili vya dunia. Mtu anajiuliza, karani anaanzaje kitu kama hicho? Sidai kujua moyo wake. Lakini umbo la utenzi lenyewe linatoa fununu. Ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani minane. Ni kitu unachoweza kukifikiria ukitembea kutoka kazini. Na ubeti si maandalizi ya shairi. Ubeti ni shairi tayari, maji kamili. Zaidi ya hapo, kipande cha mwisho cha kila ubeti hubeba kina kimoja kutoka mwanzo mpaka mwisho wa utenzi. Yaani kila hatua ndogo, hata ukiwa ubeti wa mia tisa na umechoka, inamalizika kwa sauti inayokukumbusha kazi nzima. Wazee wetu waliobuni umbo hili walilijua tatizo la Zeno, na dawa yake wakaifunga ndani ya kina.

Sasa niende kwenye jambo zito nililolitaja.

Haba na haba ina ndugu yake ambaye hatumtaji sana: chovya chovya humaliza buyu la asali. Hesabu ni ile ile kabisa, kidogo kidogo mpaka kitu kizima. Tofauti ni kwamba huku kibaba kinajaa, kule buyu linakwisha. Na mwendo wa hatua ndogo, wenyewe, haujali uko upande gani.

Mwaka 1963 Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale alichapisha matokeo ya jaribio ambalo limeendelea kuzua mabishano hadi leo. Mtu wa kawaida aliyejitolea alikalishwa mbele ya mashine yenye swichi thelathini. Ya kwanza iliandikwa volti 15, ya pili 30, ya tatu 45, na kuendelea kwa hatua za volti 15 mpaka 450. Aliambiwa kwamba kila mtu wa chumba cha pili atakapokosea jibu, ampige mshtuko wa umeme, na kila kosa lipande swichi moja. Mshtuko haukuwa wa kweli, na mtu wa chumba cha pili alikuwa mshirika wa watafiti, lakini aliyekaa mbele ya mashine hakujua. Kati ya watu 40, watu 26 walifika volti 450. Walitokwa jasho, walitetemeka, wengine walicheka kicheko cha woga. Lakini walifika.

Watu hueleza jaribio hili kama habari ya utii kwa mwenye koti la maabara, na ni kweli. Mimi huwa naziangalia zile volti 15. Kama mashine ingekuwa na swichi moja tu ya 450, nadhani wengi wangesimama na kwenda zao. Kilichowabeba ni ngazi. Aliyekwisha kubonyeza 150, kwa nini akatae 165? Tofauti ni ndogo mno, haina hata maana. Ni ngazi ile ile ya Wolpe: kipandio kidogo, tulia, kipandio kingine. Huku ikamponya mtu hofu ya sungura, kule ikamponya mtu hofu ya kumtesa mwenzake.

Katika kazi yangu ngazi hii tunaijua kwa jina la nauli. Kijana ametoka chuo, ana moto wa ukweli, anatumwa kwenye mkutano na waandishi wa habari. Mwisho wa mkutano kuna bahasha, "nauli tu, mdogo wangu, jua kali." Mara ya kwanza mkono unatetemeka. Mara ya tano hautetemeki. Baada ya muda anaombwa apunguze ukali wa kichwa cha habari, aya moja tu. Kisha aya mbili. Kisha habari nzima iahirishwe kwanza. Hakuna siku ambayo kijana huyu aliamua kuuza kalamu. Ukimwuliza siku gani, atatafuta na hataiona, kwa sababu haipo. Iliuzwa kwa vipande vidogo kiasi kwamba hakuna kipande kilichostahili jina la mauzo.

Na nirudi majini, maana ndiko hofu yangu ilikozaliwa. Septemba 20, 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 200. Tuliandika habari ile kwa wiki nzima, na swali lililonikaa kichwani lilikuwa la hesabu: idadi kama hiyo inaingiaje? Haiingii kwa mara moja. Popote chombo kinapozidisha, huingia mmoja juu ya idadi, na chombo kinafika salama. Kesho wawili, kinafika. Gunia moja zaidi, kinafika. Kila safari inayofika inakuwa ushahidi, kielelezo kimoja baada ya kingine, mpaka hofu inakosa shahidi. Ni kesi ile ile niliyoisifu hapo juu, kama mtakumbuka, ya mwili kukubali. Ila safari hii hofu ndiyo iliyokuwa na haki.

Basi kumbe swali si jinsi ya kushinda hofu. Njia ya kuishinda tunayo, ni rahisi, na inafanya kazi hata pale isipotakiwa. Swali ni hofu ipi inastahili kushindwa, na ipi ni mlinzi ambaye ukimlaza usingizi wezi wanaingia. Wahenga hawakumdharau mwoga kila mara. Walisema kunguru mwoga hukimbiza mbawa zake, na walisema kwa shujaa huenda kilio na kwa mwoga huenda kicheko. Shida ni kwamba tumboni hofu zote mbili zinasokota kwa namna moja. Hofu ya kuzama na hofu ya aibu hazina lebo.

Kipimo nilichokipata ni hiki. Usiitazame hatua, itazame ngazi nzima. Kisha jiulize: kama siku ya kwanza, kabla hujapanda kipandio chochote, ungeonyeshwa kipandio cha mwisho, ungesemaje? Mimi siku ya kwanza ukingoni ungenionyesha picha yangu nikiogelea ziwani ningetetemeka, lakini ningesema, ndiyo, hiyo naitaka. Kijana wa bahasha ungemwonyesha siku ya kwanza picha yake akifuta habari ya watu walionyang'anywa ardhi, angesema, huyo si mimi. Nahodha ungemwonyesha safari ya mwisho asingeng'oa nanga. Hofu inayotetemeka huku ikisema ndiyo, hiyo igawe vipande na uipandie. Hofu inayosema huyo si mimi, hiyo iache nzima. Usiichenji.

Mtu atanipinga kwa methali nyingine, na atakuwa na haki: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Nani huonyeshwa kipandio cha mwisho? Maisha hayatoi picha mapema. Ni kweli, na ndiyo sababu kipimo cha kwanza hakitoshi. Kinahitaji cha pili, nacho ni kituo.

Waongozaji wa Mlima Kilimanjaro wana neno moja ambalo wageni wote hurudi nalo makwao: pole pole. Ukipanda kwa njia ya Marangu unalala Mandara, takriban mita 2,700, kisha Horombo, takriban mita 3,700, kisha Kibo, takriban 4,700, kabla ya kuukabili usiku wa kilele chenye mita 5,895. Mapumziko yale si ya hofu, ni ya hewa. Mwili unahitaji muda kuzoea. Lakini yana kazi ya pili. Kwenye kila kituo mwongozaji anamtazama mtu, anamuuliza kichwa kinaumaje, na ana uwezo wa kumwambia, wewe unashuka. Kipo kituo, na kituoni neno "hapana" linawezekana. Mashine ya Milgram haikuwa na kituo. Swichi ilifuatiwa na swichi, na aliyesita aliambiwa aendelee. Bahasha nayo haina kituo. Inafuatiwa na tarehe ya mwisho ya habari na kodi ya nyumba.

Kwa hiyo ukigawa lengo lako, gawa na vituo. Mahali pa kukaa chini, kufungua daftari, kusoma ule mstari mmoja wa mwanzo na kujiuliza kama bado ni huo. Bora zaidi kama kuna mtu mwingine pale anayeruhusiwa kukwambia ushuke.

Na hapo ndipo zile methali mbili zinapoacha kugombana, nadhani. Nilikuwa nazisoma kama ushauri wa jambo moja, kumbe ni wa mambo mawili. Kuvua nguo ni uamuzi. Uamuzi haugawanyiki, ukiugawa unakuwa kuteleza, na ndivyo kijana wa bahasha alivyofika alikofika, alipelekwa pasipo kuamua. Hakuna kuvua nusu. Lakini kuoga ni kazi, na kazi inagawanyika bila aibu yoyote: miguu, kiuno, kidevu, mapovu. Amua kwa mkupuo, mchana kweupe, lengo zima likiwa mezani na tumbo likisokota. Ukishaamua, nenda kidogo kidogo upendavyo.

Mimi sasa naogelea mita ishirini na tano za bwawa bila kusimama, kwa mtindo ambao mwalimu wangu anauita wa bata mgonjwa. Ziwani bado. Hofu haijaisha, na sitaki iishe yote. Naenda Mwanza mwezi wa kumi na mbili. Bado nitapanda kivuko nikihesabu maboya, na nikiona watu wamezidi nitashuka, na anayetaka kunicheka anicheke. Kujua kuogelea kusingewasaidia wengi waliofungiwa ndani ya meli ile ya mwaka 1996. Ambacho kingewasaidia ni watu wengine, huko nchi kavu, kuendelea kuogopa.

Nilimpigia mama simu kumwambia. Alinyamaza kwa muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza maji ya bwawa yananifika wapi. Nikamwambia upande wa kina kirefu sigusi chini. Akanyamaza tena.

"Haya," akasema. "Ukija, siku hiyo usiende asubuhi bila kuniamsha. Na tutaanzia pale pa magotini."